Mgeni rasmi hakuchora picha

Taarifa nyingi za maonyesho ya sanaa zinazofika kwenye vyumba vya habari vya Dar es Salaam huanza na mgeni rasmi. Mheshimiwa fulani anatarajiwa kufungua maonyesho, ataambatana na viongozi mbalimbali, hafla itafanyika ukumbi fulani, wadau wote mnakaribishwa. Jina la mchoraji hujitokeza aya ya nne, chini ya majina ya wadhamini. Picha zenyewe, zilizomnyima mtu usingizi mwaka mzima, hazisemwi kabisa. Hatuambiwi ziko ngapi, zimechorwa juu ya nini, wala ndani yake kuna nani anafanya nini. Mhariri anasoma hadi mstari wa tatu, anaona ni sherehe kama sherehe nyingine za wiki hiyo, anaendelea na kazi zake.

Naandika habari za sanaa, na taarifa za namna hii nazipokea mara kwa mara. Zinaniuma, kwa sababu nikifunga safari kwenda kuangalia mwenyewe, si mara chache nakuta kazi iliyostahili ukurasa mzima. Msanii amekesha na brashi, halafu dakika ya mwisho amemwachia katibu wa chama aandike maneno ambayo yangeweza kutangaza semina ya ujasiriamali au uzinduzi wa duka la vifaa vya ujenzi bila kubadilishwa sana.

Umbo la taarifa hizi linajulikana. Wengi wetu uandishi rasmi tuliujulia kwenye barua za ofisini, kwa hiyo msanii anayetaka kuonekana yuko makini anaanza na Kumb. Na., anaweka YAH kwa herufi kubwa na kuipigia mstari, kisha anaendelea: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Karatasi inapigwa muhuri, inatiwa saini, inaskaniwa na kutumwa WhatsApp ikiwa picha. Mwandishi aliyebakiwa na nusu saa kabla ukurasa haujafungwa hawezi kunakili hata sentensi moja, sharti aichape upya, na hapo ndipo jina la msanii linapokosewa herufi. Mashine za kutafuta habari mtandaoni nazo hazisomi vizuri maandishi yaliyofungwa ndani ya picha. Muhuri ubaki kwenye barua ya kuomba ukumbi. Taarifa ya habari iandikwe kwa maandishi ya kawaida ndani ya barua pepe yenyewe, juu kabisa, ili mpokeaji aikute bila kufungua kiambatisho chochote.

Zamani taarifa ilikuwa na msomaji mmoja tu, naye ni mhariri. Akiitupa, imekufa. Leo taarifa hiyohiyo inawekwa kwenye ukurasa wa msanii, inabebwa na blogu, inarushwa kwenye makundi ya WhatsApp, na miaka kadhaa baadaye itasomwa na mtu ambaye hakuwahi kusikia kuhusu maonyesho hayo: mnunuzi anayetaka kuhakikisha picha aliyouziwa ni halali, mwanafunzi anayeandika tasnifu, au msimamizi wa jumba la sanaa la nchi nyingine anayetafuta wachoraji wa Afrika Mashariki. Kwa watu hao taarifa ni cheti cha kuzaliwa cha kazi ya sanaa. Ndiyo maana namsihi kila msanii aiandike mwenyewe, au akae ubavuni mwa anayeiandika.

Tunajua kinachotokea pasipo na cheti. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 Dar es Salaam, akitumia rangi za kung'aa, zile zinazoitwa za baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya hadibodi. Wageni na watalii walizinunua maeneo ya Oyster Bay, karibu na Morogoro Stores. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafariki. Kazi yake yote ya uchoraji iliingia ndani ya miaka minne hivi. Nani aliandika, siku picha inatoka, kwamba huyu chui alichorwa mwezi fulani, ana upana huu, ameuzwa kwa fulani? Hata mwaka wake wa kuzaliwa hauna makubaliano: wengine huandika 1932, wengine 1937. Picha zenye jina lake ambazo hakuzichora zimekuwa zikizunguka sokoni, na mabingwa wanabishana juu ya kila ubao. Wanafunzi wake waliendeleza mtindo huo, mwaka 1990 ukaundwa ushirika wa Tingatinga uliopo hadi leo, na jina limezunguka dunia kiasi kwamba mwaka 2010 ilianza kuonyeshwa katuni ya watoto iliyotengenezwa Nairobi ikiwa na jina hilohilo. Jina limekuwa kubwa kuliko kumbukumbu za mwenye jina.

Sitaki kusikia kwamba enzi zile hakukuwa na namna. Sam Ntiro wa Machame, aliyesoma Makerere na baadaye shule ya sanaa ya Slade, London, kisha akawa Balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza, aliacha nyuma yake picha zenye majina yaliyoshiba. Mojawapo, ya mwaka 1956, ilinunuliwa mwaka 1960 na Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York. Jina lake linasema kwamba hao ni wanaume, wanapeleka pombe ya ndizi, wanampelekea bibi harusi, na ni usiku. Mtu ambaye hajawahi kuona mgomba wala kuonja mbege tayari ana habari mkononi. Kila anayeitaja picha hiyo, kwenye katalogi au mtandaoni, analazimika kusimulia kidogo kuhusu Uchagani kwa sababu Ntiro alimwekea maneno mdomoni. Leo nakuta picha nzuri ajabu zimeitwa "Maisha 3" na "Bila jina", halafu mwenyewe analalamika kwamba waandishi hawana la kuandika.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme kuna mchoraji wa kike, mtoto wa mama anayekaanga samaki soko la Feri, amechora wakaangaji wa pale na anataka kuwaonyesha. Chama chake kitamwandikia hivi: "Tunayo furaha kubwa kuutangazia umma kuwa tumeandaa maonyesho makubwa, ya kipekee na ya aina yake, yatakayowakutanisha wadau wa sanaa kutoka ndani na nje ya nchi." Maneno zaidi ya ishirini, na hakuna hata samaki mmoja. Sasa tuiandike kwa kuanza na kile ambacho macho yatakiona ukutani:

"Picha 14 za wanawake wanaokaanga samaki katika soko la Feri, zilizochorwa juu ya vitako vya makarai yaliyotoboka, zitaonyeshwa Dar es Salaam kuanzia Ijumaa. Mchoraji, ambaye mama yake bado anakaanga sokoni hapo, aliyakusanya makarai hayo kwa wakaangaji wenyewe badala ya kuacha yauzwe kama chuma chakavu."

Hapo mhariri ameshapata kichwa cha habari bila kukitafuta. Mpigapicha ameshajua aende Feri alfajiri kabla ya kufika ukumbini. Mtangazaji wa redio anawaza ampigie mama mkaangaji. Sentensi mbili, zikijazwa jina la mchoraji na tarehe kamili, zimebeba nani, nini, wapi na lini, na zimeacha swali ambalo msomaji atataka lijibiwe: kwa nini makarai? Aya inayofuata ijibu swali hilo, na mgeni rasmi, kama yupo, apewe sentensi moja ya heshima karibu na mwisho pamoja na wadhamini. Hatadharauliwa. Habari ikitoka, naye atakuwa kwenye habari. Isipotoka, atakuwa amefungua mlango mbele ya ndugu na jamaa.

Kisha kuna kauli ya msanii. Karibu kila taarifa ina mahali ambapo msanii "ameeleza furaha yake" na kuwaomba Watanzania wajitokeze kwa wingi. Hilo angeweza kulisema yeyote. Kauli iwe ile ambayo haiwezi kutoka kinywani mwa mtu mwingine. Mchoraji wetu wa Feri angesema: "Pale sokoni moshi unapanda usoni, humwoni mtu vizuri. Ndiyo maana nyuso nazichora mwisho, baada ya mikono." Sentensi hiyo itanukuliwa na kila atakayeandika, itakuwa kwenye bango, na itamfanya mtu asogelee picha aangalie mikono. Inapatikana kwa kumkalisha msanii na kumuuliza amefanyaje, ukamwacha azungumze kama anavyozungumza na mwenzake karakanani, na wewe ukaandika alivyosema.

Urefu usizidi ukurasa mmoja. Sifa zipunguzwe bila huruma. "Nguli", "wa kimataifa", "maarufu duniani", "kwa mara ya kwanza katika historia": mhariri aliyezoea kazi yake akiona maneno hayo anaanza kutilia shaka hata yaliyo kweli. Kama msanii aliwahi kuonyesha kazi Nairobi mwaka 2019, iandikwe Nairobi, 2019, na jina la ukumbi. Hiyo ina uzito kuliko "wa kimataifa" mia moja.

Taarifa kwa vyombo vya habari yenyewe inatajwa sana kuwa ilianzia kwenye msiba. Tarehe 28 Oktoba 1906 treni ya kampuni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini kutoka kwenye daraja huko Atlantic City, Marekani, wakafa watu zaidi ya 50. Desturi ya makampuni ya reli ilikuwa kuficha. Ivy Lee, aliyekuwa akiishauri kampuni hiyo, aliandika maelezo ya yaliyojulikana na kuwapa waandishi, na gazeti la New York Times likayachapa kama yalivyo. Waandishi wale hawakuvutiwa na ufasaha. Walipewa ukweli uliokamilika, mapema, kwa maandishi, na hicho ndicho kinachotakiwa hadi sasa hata kama habari ni ya furaha.

Kwa upande wa picha nina maneno makali kidogo, maana hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapozikwa. Faili inayoitwa IMG-20240611-WA0007 haimwambii mtu chochote. Ikishahifadhiwa kwenye kompyuta ya gazeti pamoja na nyingine mia mbili, haitaonekana tena. Iitwe kwa jina la msanii, jina la kazi na mwaka. WhatsApp hubana picha na kuipunguzia ubora, kwa hiyo itumwe kama dokyumenti, au kwa barua pepe, au iwekwe kwenye hifadhi ya mtandaoni na kiungo chake kiwekwe ndani ya taarifa. Picha ikiwa ya rangi za kung'aa, kama zile za Tingatinga, usiipige kwa mwanga wa simu: utapata duara jeupe katikati ya tembo. Itoe nje, iweke kivulini asubuhi, simama mbele yake, katikati, piga ukiwa sawa nayo ili kingo zisipinde. Halafu ongeza picha moja ya msanii akiwa kazini, mikono imechafuka rangi. Ile ya watu kumi wamesimama mstari mmoja wakitazama kamera ni ya albamu ya familia.

Chini ya kila picha yaandikwe maelezo yake: jina la kazi, mwaka, aina ya rangi na kilichochorewa, kimo na upana kwa sentimita, jina la aliyepiga. Na sentensi moja ya ruhusa, kwamba picha hizi zinaweza kutumika kwa habari za maonyesho haya kwa kutaja jina la msanii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji tangu kazi inapokamilika, lakini ulinzi huo humsaidia zaidi aliyeacha maandishi yenye tarehe kuliko aliyeacha maneno ya mdomo. Kazi iliyowahi kutangazwa hadharani na jina lake, vipimo vyake na mwaka wake ni ngumu kuibiwa ikachapwa kwenye fulana mtaani bila mwizi kuulizwa.

Saa nayo imeharibu mengi. Kwenye taarifa ya Kiswahili andika saa 12 jioni. "Saa 18:00 jioni" ni mchanganyiko, na "saa 6 jioni" haipo katika siku yetu. Aliyeisoma atabaki akijiuliza kama ni adhuhuri au magharibi. Kwenye toleo la Kiingereza saa ibadilike iwe ya kwao, na mtu wa pili azilinganishe kabla hazijatumwa. Tarehe iandikwe pamoja na mwaka. "Jumamosi hii" inaeleweka leo, lakini mtandaoni Jumamosi hiyo itasomwa miaka mitano ijayo. Taja kama kuna kiingilio au hakuna, na basi la kupanda na kituo cha kushukia, kwa sababu watu wengi wa mjini humu wanaamini nyumba za sanaa ni za wenye magari, na hakuna aliyewahi kuwaambia vinginevyo.

Kuhusu lugha, naona aibu tunayojifanyia wenyewe. Msanii wa Mwenge au Mikocheni anaandika taarifa kwa Kiingereza peke yake, kwa hofu kwamba wanunuzi ni wageni. Wanunuzi wengi ni wageni, ndiyo. Lakini magazeti yanayosomwa zaidi na wananchi ni ya Kiswahili, redio ni za Kiswahili, na BBC na DW nazo zina idhaa za Kiswahili. Mwandishi anayelazimika kutafsiri kwa haraka atakwepa sehemu ngumu, na sehemu ngumu mara nyingi ndiyo roho ya kazi. Andika Kiswahili kwanza, kwa maneno unayotumia ukiwa unachora. Kisha tafuta mtu wa kukuandikia Kiingereza kizuri, na uweke zote mbili kwenye ukurasa mmoja.

Sasa tulizungumze la bahasha, maana msanii yeyote aliyewahi kuandaa maonyesho analijua. Waandishi wengi wanaotumwa kwenye matukio ni wa kujitegemea. Wanalipwa kwa habari, na malipo yenyewe ni madogo, kwa hiyo wanatarajia "nauli". Chama cha wasanii kinatenga fungu la bahasha kubwa kuliko fungu la kupiga picha kazi zenyewe. Maadili ya Baraza la Habari Tanzania yanakataza mwandishi kupokea rushwa, na mimi nasimama hapohapo: habari iliyonunuliwa huandikwa kwa kiasi cha fedha iliyotolewa, ikaisha siku hiyohiyo. Simlaumu kijana anayetoka Gongo la Mboto kwa daladala mbili kuja kufuatilia tukio la saa tatu. Lakini taarifa iliyokamilika, yenye picha safi, maelezo, kauli ya msanii na namba ya simu inayopokelewa, inampunguzia safari. Anaweza kuuliza maswali yake kwa simu na kuandika habari ya kweli akiwa mezani. Fedha iliyokuwa iende kwenye bahasha ikimlipa mpigapicha hodari kwa siku moja, picha zile zitatumika miaka kumi.

Mtandaoni pia kuna wauza ahadi. Utaletewa matangazo ya kusambaziwa taarifa kwenye tovuti mia tano kwa malipo, na kuahidiwa kupanda juu kwenye Google. Kampuni hiyo ilishaonya mwaka 2013 kwamba viungo vilivyopachikwa kwenye taarifa za habari kwa nia ya kupandisha ukurasa ni udanganyifu kwa mujibu wa kanuni zake. Tovuti mia tano zisizosomwa na mtu hazifikii waandishi wachache unaowajua majina, ambao umesoma walichoandika mwezi uliopita na ukawaandikia kila mmoja mstari wake wa salamu. Usiwatumie wote kwa pamoja huku kila mmoja anaona anwani za wenzake. Kurasa za mwisho wa wiki hufungwa mapema, mara nyingi katikati ya wiki, kwa hiyo taarifa inayofika Ijumaa jioni kuhusu ufunguzi wa Jumamosi imechelewa. Itume wiki mbili kabla, kumbusha mara moja siku chache kabla, kisha nyamaza. Na ukiweza kufungamanisha maonyesho na siku ambayo magazeti tayari yanaitafutia habari, Siku ya Kiswahili Duniani ya tarehe 7 Julai kwa mfano, ambayo huku kwetu inaangukia Sabasaba, fanya hivyo ikiwa kazi zako kweli zina uhusiano nayo.

Mwandishi akipiga simu, ipokelewe na mtu anayezijua picha. Habari ikitoka na kosa, omba masahihisho siku hiyohiyo kwa upole, kwa kuwa kosa la mtandaoni hunakiliwa haraka kuliko ukweli. Na maonyesho yakifungwa, iandikwe taarifa ya pili, ambayo karibu hakuna anayeikumbuka: waliokuja ni wangapi, kazi zipi zimenunuliwa na zimekwenda wapi kama mnunuzi ameridhia kutajwa, shule zipi zilileta watoto, zilizobaki zitaonekana wapi. Hiyo ya pili itakuwa fupi, aya tatu zinatosha, na iwekwe kwenye ukurasa uleule wa ile ya kwanza, kabla picha hazijafungwa kwenye magazeti na kurudishwa nyumbani.